Kitambaa Kilichoota kwenye Paa la Ayi Liang

Nyinyi vijana mnaoniita Mzee Diploma mnadhani mnanitania, kumbe mnanisifu. Diploma ninayo. Imo kwenye fremu, ukutani hapa chumbani kwangu Guangzhou, ina mhuri mwekundu wa chuo cha Poland, na jina langu limeandikwa kwa wino na mtu aliyekuwa na mwandiko mzuri kuliko wa kadhi. Baba yangu alikuwa mkata mkonge Muheza. Hakuniachia shamba wala duka, aliniachia kisu cha mkonge na jina la ukoo. Vingine vyote nimevitafuta mwenyewe, wala sioni haya kusema.

Mmeniomba niwaandikie habari za kazi kwa sababu nimestaafu na ninafunga mizigo nirudi Tanga moja kwa moja. Ningeweza kuanza na siku niliyorudi nyumbani kutoka Ulaya nikapewa ukuu wa zamu kwenye kiwanda cha nguo, nikiwa na umri ambao wenzangu walikuwa bado wanafagia pamba sakafuni. Au namna kiwanda kile kilivyofungwa, nami nikaja huku na begi moja, nikawa mkaguzi wa vitambaa ambaye wafanyabiashara wa Dar na Unguja walinigombania. Hayo mnayajua, nimeyasimulia mno. Nitawaambia habari za kitambaa kimoja kidogo nilichokitengeneza nikiwa nimeshaacha kazi.

Mwaka jana binti yangu Rehema, ambaye ni muuguzi Tanga, alinipigia simu kunieleza kwamba amechumbiwa. Tulizungumza ya posa na ya wageni, halafu akasema, "Baba, nina ombi. Siku ya ndoa nataka sinia la mahari lifunikwe kitambaa chako."

"Nitakununulia kizuri, mwanangu. Niko kwenye mji wa vitambaa."

"Sitaki cha kununua. Tangu nizaliwe unakagua vitambaa vya watu, unajua kila uzi ulipokosewa. Wewe mwenyewe umewahi kutengeneza kimoja, kuanzia mwanzo mpaka mwisho?"

Nilitazama diploma ukutani, nayo ikanitazama. Jibu la kweli lilikuwa hapana. Nimesimamia mashine zilizofuma maelfu ya majora, na kwa Bibi Zofia, ambaye nitawaeleza, nilisaidia. Lakini kitambaa changu mimi, tangu mbegu, sikuwa nacho.

"Utakipata," nikamwambia. "Nitapanda mbegu kwa mkono huu na kufuma kwa mkono huu. Kitani safi."

Kitani, kwa wale mnaouza bila kuuliza, ni mmea mwembamba wa nchi za baridi, unafika kiunoni, na nyuzi zake zimo kwenye ganda la bua. Ndicho kile kitambaa chenye ubaridi mwilini ambacho matajiri wa Masaki wanashonea mashati ya Ijumaa. Rehema akasema atakuja Guangzhou mwezi wa nne na shangazi yake kununua vitu vya harusi, na atakichukua mwenyewe. Tulikuwa mwezi wa kumi na moja. Nilikuwa na miezi mitano.

Kesho yake nikatangaza mgahawani mbele ya kila mtu. Salma wa Unguja, ambaye nyote mnamjua kwa ulimi wake, akaweka kijiko chini.

"Mzee Diploma, hicho kitani utakipanda wapi? Ndani ya lifti?"

"Juu ya paa."

"Na ng'ombe utafuga huko huko, au utamwacha kwenye ngazi?"

"Cheka, mwanangu. Mwezi wa nne utakuja kukigusa, na nitakuambia unawe mikono kwanza."

Watu wakapiga meza kwa kicheko. Kuanzia siku hiyo haikuwa ahadi ya baba na binti peke yao. Ningeshindwa, wangesema diploma yangu ni karatasi.

Sasa niwaeleze nilivyojifunza. Mwaka wa mwisho chuoni tulipelekwa vijijini kuandika jinsi kitani kilivyokuwa kikitengenezwa kwa mikono kabla ya mashine. Mimi nilipangiwa kwa Bibi Zofia, mjane wa kijiji kimoja mashariki ya nchi, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa kama ya fundi seremala. Yeye alikuwa hajawahi kuona diploma na hakuwa na haja nayo. Mwaka ule alikuwa amepanda kitani kwa ajili ya mjukuu wake, Ania, aliyekuwa anaolewa. Kwao maharusi wakitoka kanisani hupokelewa mlangoni kwa mkate na chumvi, na mkate huo hulazwa juu ya kitambaa cha kitani. Bibi Zofia alisema mjukuu wake hatapokelewa juu ya kitambaa cha dukani.

Tuling'oa, tukakausha, tukavua mbegu. Halafu akayalaza mabua yote juu ya majani yaliyofyekwa, safu kwa safu, akayaacha yanyeshewe umande. Hapo ndipo mtoto wa mkonge nilipoingiwa na wasiwasi. Nyinyi wa Tanga mnajua: jani la mkonge likikatwa linakwenda kwenye mashine siku hiyo hiyo. Likilala, nyuzi zinaharibika, na msimamizi anamtukana mkataji mbele ya wenzake. Nilimwona baba yangu akitukanwa hivyo, sikusahau. Basi Bibi Zofia aliposafiri wiki moja kwenda kumwangalia dada yake mgonjwa, nikaenda shambani asubuhi, nikakuta mabua yameanza kuingia madoa meusi na harufu. Nikayakusanya yote. Nilifanya kazi siku mbili peke yangu, nikayapanga ghalani vizuri, nikakaa mlangoni kungoja kusifiwa.

Aliporudi alichukua bua moja, akalivunja. Likakatika kama njiti ya kiberiti, na nyuzi zikabaki zimeng'ang'ania kijiti.

"Nani kakwambia uyaondoe?"

"Yalikuwa yanaoza, Bibi. Nimeyaokoa."

"Kuoza ndiyo kazi niliyoyapa," akasema, akaketi juu ya ndoo.

Hilo nawaomba mlielewe vizuri. Nyuzi za kitani zimegandamana na kijiti cha ndani kwa gundi ya mmea wenyewe. Lazima gundi ioze na nyuzi zisioze. Ukiwahi, hazitoki. Ukichelewa, zinaoza nazo. Baridi kali ilikuwa imekaribia na umande usingetosha kwa yote, kwa hiyo mengi tukayazamisha bwawani. Mimi ndiye niliyeingia majini mpaka mapajani kuyawekea mawe, siku baada ya siku, katika maji ambayo hata bata walikuwa wameyahama. Yalinuka kiasi kwamba Ania alikataa kunipa mkono. Lakini yalitoka. Kitambaa cha harusi kilikuwa na mistari miwili ya rangi, ya kijivu kutoka kwa mabua machache aliyoyarudisha umandeni, na ya dhahabu kutoka bwawani, na wageni walidhani imekusudiwa.

Bibi Zofia alinifundisha namna ya kujua. Unachukua mabua kumi kutoka sehemu mbalimbali, unayakunja, unayavunja, na kama kijiti kinachomoka na nyuzi zinabaki nzima mkononi, basi. Nilimwuliza huchukua siku ngapi. Akasema, "Mimi siulizi kalenda, nauliza bua." Jibu hilo lisingempendeza profesa wangu, aliyetaka tarakimu. Nikahesabu mwenyewe siku za yale ya umandeni, nikaandika daftarini: wiki tatu. Nikapata alama za juu kuliko wote darasani, Wapoland wakiwemo.

Basi turudi kwenye paa. Nyumba ninayopanga iko Haizhu, vituo vichache vya treni ya chini kutoka kumbi za maonyesho za Pazhou, na mwenye nyumba ni mama wa makamo anayeitwa Liang. Huku humwiti mwanamke wa umri huo jina tupu, unamwita Ayi, yaani kama shangazi. Ayi Liang analitawala paa lake kama bwana shamba. Ana maboksi ya povu yenye mchicha wa Kichina na vitunguu vya majani, na kamba za kuanikia mablanketi. Nilimwomba maboksi kumi na mawili.

"Unapanda nini?" akauliza.

"Kitani."

"Kinaliwa?"

"Hakiliwi."

"Ni ua?"

"Kina ua, lakini si ua."

"Basi ni magugu," akasema, na kunipa maboksi ya pembeni karibu na tangi la maji.

Mbegu za kwanza nilizinunua duka la viungo, zile za kula. Zikatoa mimea mifupi yenye matawi kama mti wa mapambo. Hilo ni kosa la haraka: mbegu ya mafuta na mbegu ya nyuzi ni ndugu wasiofanana. Nikang'oa zote, nikaagiza mbegu za nyuzi kwa muuzaji wa kaskazini ninayefahamiana naye, nikapanda upya, zikibanana sana. Mmea wa kitani ukiwa na nafasi hunenepa na kutanua matawi. Ukibanwa na wenzake hukimbilia juu, ukawa mwembamba na mrefu, na sisi tunataka urefu.

Kipupwe cha Guangzhou kiliufaa. Mwezi wa pili maua yakafunguka, ya buluu nyepesi, ambayo huchanua asubuhi na kabla ya adhuhuri yameshapukutika. Ayi Liang akawa anapanda paani kila asubuhi na kikombe chake cha chai kuyatazama. Mabua yalipoanza kuwa manjano alinikuta nimeinama na akaniletea mkasi.

"Hapana, Ayi. Kitani hakikatwi, kinang'olewa na mizizi, usipoteze hata inchi ya uzi."

Akaweka mkasi mfukoni, akang'oa nami. Nilipovua mbegu kwa kitana cha misumari alizikusanya kwenye bakuli akazinusa.

"Ulisema hakiliwi," akasema, akaondoka nazo.

Hapa nipumzike kidogo niwaeleze kwa nini mnapaswa kujua mambo haya hata kama hamtapanda kitu. Siku moja, nilipokuwa bado sijastaafu, Salma alinipeleka Guangyuan Xilu, kwenye yale majengo makubwa ya jumla ambako wapagazi wanakukanyaga na marobota yao usipokaa macho. Laoban mmoja, ndivyo mnavyowaita wenye maduka huko, alikuwa na jora jeupe analoliapia kuwa kitani safi. Salma alikuwa ameshalipiga picha mara kumi, amezituma kwa rafiki yake, rafiki amesema zuri. Mimi nilitia kidole ulimini, nikabonyeza kitambaa. Tone likabaki juu, linang'aa kama jasho kwenye pua.

"Laoban, kitani kina kiu," nikamwambia. "Hiki kimeshashiba."

"Meiyou, meiyou," akasema, hakuna kitu kama hicho, mashine tu imekipiga pasi sana.

"Nipe uzi mmoja niuchome basi, tuone kama hautayeyuka kama plastiki."

Akalikunja jora haraka kuliko alivyolikunjua. Salma akazifuta zile picha zote kumi kabla hatujafika barabarani. Simu zenu sasa zina lenzi za kukuza nyuzi, nami sizipingi. Mimi nilianza na kioo cha kuhesabia nyuzi kilichonikodolesha jicho moja mpaka leo ni kubwa kuliko lingine. Ila lenzi inakuonyesha umbo. Kiu huioni kwa lenzi.

Haya, mabua. Nikayalaza juu ya mikeka, paa zima, na kuyanyunyizia maji asubuhi na jioni kama umande. Nikafungua daftari langu la Poland, ambalo nimelibeba nchi tatu, nikasoma: wiki tatu. Nikaweka alama kwenye kalenda, nikatulia. Mwenye diploma hana haja ya kubahatisha.

Mliokuwepo mnajua mwezi wa tatu wa Guangzhou ulivyo. Joto la kusini linarudi na unyevu wake, kuta zinatoa jasho, sakafu inateleza, soksi unazofua Jumatatu unazivaa mbichi Ijumaa. Siku ya tisa jua lilitoka ghafla, na mimi nilikuwa Liuhua, karibu na stesheni, namsaidia Salma kuchagua vitenge. Niliporudi nikakuta nusu ya paa imejaa mablanketi yanayopepea, na nusu ya mabua yangu hayapo. Ayi Liang alikuwa ameyafunga kwa kamba na kuyasimamisha chini ya ngazi, pale penye feni ya kutolea hewa.

"Ayi, nani kakwambia uyaondoe?"

"Yalikuwa yanaoza," akasema. "Nimeyaokoa."

Niliwahi kusikia maneno hayo, na nilijua jibu lake. Nikampa, kwa fahari, kwa Kichina changu chote: "Kuoza ndiyo kazi niliyoyapa."

Aligeuza blanketi. Na kwa kuwa nusu ile ya paa ilikuwa yake kwa siku hizo, nikayaacha yale mabua ya chini ya ngazi, nikikusudia kuyarudisha baadaye, na nikaendelea kunyunyizia yaliyobaki. Nilimhurumia hata kidogo. Mama wa watu, nilijiambia, angejuaje?

Wiki ya tatu ilipotimia nilikwenda kuyakusanya. Nikachukua bua moja, nikalikunja. Halikutoa mlio. Nikavuta nyuzi, zikakatika kama karatasi iliyolowa. Nikachukua la pili, la kumi, la ishirini, kutoka kila pembe ya paa, kama nilivyofundishwa na kama nilivyopaswa kufanya tangu siku ya saba. Yote yalikuwa yameoza mpaka moyoni. Wiki tatu ni za umande wa Poland, ambako asubuhi unapumua moshi. Huku, kwenye joto lile la mvuke, kazi ilikuwa imekwisha zamani, nami nikawa nasoma daftari.

Niliketi juu ya ndoo. Rehema alikuwa anakuja baada ya majuma manne, na kitani hakioti kwa majuma manne.

Kisha nikakumbuka chini ya ngazi. Nilishuka polepole, maana sikutaka kufika. Nikafungua kamba ya Ayi Liang, nikachomoa bua, nikalivunja. Kijiti kilichomoka kikaanguka sakafuni chenyewe, na mkononi nikabaki na ukanda wa nyuzi mzima, wa kijivu, unaong'aa. La pili hivyo hivyo. La kumi hivyo hivyo. Yalikuwa yameiva sawasawa siku ile ya tisa, siku aliyotaka kuanika mablanketi.

Sikumwambia. Naandika hili leo ili lijulikane.

Kazi iliyofuata ni ya misuli, na misuli ninayo. Niliunga mbao mbili za kupondea, nikayavunja mabua, nikayapiga kwa upanga wa ubao mpaka vijiti vikapukutika, nikazichana nyuzi kwenye kitana cha misumari. Mzigo mzima ukabaki mkia mmoja mdogo. Ayi Liang aliushika, akauweka kando ya kichwa chake.

"Kama nywele zangu," akasema.

Kitani husokotwa kikiwa na maji, la sivyo uzi unasimama manyoya. Bibi Zofia alilowesha vidole kwa mate, na ili mate yasikauke alikuwa anamung'unya matunda makavu ya kwao, zile plamu nyeusi. Nilipomweleza Ayi Liang akaingia ndani akatoka na pakiti ya plamu kavu za chumvi ambazo Wakantoni wanazipenda. Nilisokota majuma mawili nikiwa na kokwa shavuni, nikizungumza kama mtu aliyeng'olewa jino.

Fremu ya kufumia niliiunda kwa mbao za kubebea mizigo ambazo wapagazi hutupa. Nikatandika mtande, ule uzi wa urefu, ukakatika. Nikaunga, ukakatika. Uzi wa mkono hauhimili kusuguana bila kupakwa kitu, na nilikuwa nimesahau kipi. Ayi Liang alikuwa jikoni anakoroga uji wa mbegu zangu za kitani, unaovutika kama bamia. Niliutazama ule uji, nikamwona Bibi Zofia na bakuli lake na brashi yake.

"Ayi, nipe vijiko vitatu."

"Sasa unataka kula?"

"Si mimi. Uzi."

Akanipa, na tangu hapo uzi haukukatika tena ila mara chache.

Lakini nusu ya nyuzi ilikuwa imeozea juu ya paa. Nilipofika mwisho wa uzi, kitambaa kilikuwa upana wa viganja viwili vilivyotandazwa na urefu wa dhiraa moja hivi. Kufunika sinia la harusi hakingeweza, labda sinia la mdoli. Siku tatu kabla Rehema hajafika nilikwenda peke yangu Guangyuan Xilu. Kuna duka moja lenye kitani cha kweli, cha kijivu, kilichofumwa kwa makusudi kionekane cha mkono. Nilikishika muda mrefu. Ningekikata kipande, nikakifua mara tatu, nikakisugua kwa jiwe, na hakuna mtu Guangzhou wala Tanga ambaye angegundua, isipokuwa mmoja. Huyo mmoja ndiye aliyekuwa amekishika. Nimekula miaka yote kwa kuwakamata watu wa hila hiyo. Nikamshukuru laoban, nikarudi na treni mikono mitupu.

Rehema alikuja. Shangazi yake alibaki hotelini amechoka na safari, na Rehema akapanda paani na Salma, ambaye hakuna aliyemwalika. Ayi Liang alikuwa ameshaweka meza. Nikakitandika kitambaa.

"Nawa mikono, Salma," nikasema.

"Nimeshanawa chini, Mzee Diploma. Nimeleta na taulo yangu." Akakigusa. Alitia kidole ulimini akabonyeza, tone likanyweka palepale. "Kina kiu," akasema, na safari hii hakucheka.

Rehema hakukigusa. "Baba, vile vibandiko vyako vyekundu viko wapi?"

Wakaguzi tuna vibandiko vidogo vyenye umbo la mshale, tunavibandika ukingoni mwa jora penye kila kasoro. Alipokuwa mdogo, nikirudi likizo, alikuwa anajibandika navyo usoni. Nikamletea karatasi ya vibandiko. Akainama juu ya kitambaa, akaanza kukagua, polepole, kutoka kona, kama anavyomkagua mgonjwa.

"Hapa uzi umerukwa."

"Hapo Salma alipiga simu."

"Msinisingizie," Salma akasema.

"Hapa umenenepa."

"Hapo plamu iliisha."

"Na huu ukingo umeingia ndani."

"Hapo nilikuwa na hasira na huyu baba yako mwenyewe."

Vibandiko vilifika kumi na kimoja. Kwa desturi yangu vitatu vinatosha kulirudisha jora kiwandani. "Na hakitafunika sinia," nikasema mwenyewe, kabla hajasema yeye. "Nusu ya kitani niliiozesha. Nilifuata daftari."

"Na hii nusu nyingine?"

Ayi Liang alikuwa anamimina chai, haelewi Kiswahili.

"Hii aliiokoa yeye," nikasema. "Mimi nikamgombeza."

Rehema alimtazama Ayi Liang, akanitazama mimi. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa Msahafu mdogo wa jalada la kijani alioununua njiani, akauweka juu ya meza na sanduku la pete pembeni yake. "Mahari niliyotaja ndiyo hii, Baba. Msahafu na pete. Nani kakwambia ni sinia kubwa?" Akavifunika. Kitambaa kikashuka pande zote, kikabaki na vidole viwili vya ziada.

Akaniomba ile lebo tunayoifunga kwenye jora lililokaguliwa. Mahali pa uamuzi, ambapo kwa miaka yote nimeandika Pokea au Rudisha, akaandika kwa mwandiko wake wa kiuguzi: Pokea. Chini yake kuna mstari wa jina la mtengenezaji. Akanipa kalamu.

Niliandika majina yangu yote matatu, kama yalivyo kwenye diploma. Halafu nikamgeuzia Ayi Liang lebo, nikamwonyesha pa kuandika.

"Ya nini?" akauliza.

"Ya kazi."

Akaifuta mikono kwenye aproni, akaandika majina yake kwa herufi za Kichina, kubwa kuliko zangu.

Kwenye ile karatasi ya vibandiko kilikuwa kimebaki kimoja. Rehema aliondoka na kitambaa chake, Salma akamsindikiza, nami nikashuka chumbani, nikafungua daftari la Poland penye ukurasa wa umande, nikaubandika huo mshale mwekundu kwenye maneno wiki tatu. Daftari hilo sirudi nalo Tanga, namwachia Salma. Diploma naondoka nayo.